Sifa za Mbishi wa Zamu

Wafungaji wamesifiwa hadi wamechoka. Makocha wameandikiwa vitabu, wachezaji wamechongewa sanamu, hata lile gari linalolainisha barafu wakati wa mapumziko lina mashabiki wake. Katika hoki ya barafuni ya kulipwa, amebaki mtu mmoja ambaye hajapata wa kumwimbia: shabiki anayekesha akibishana iwapo klabu yake ilipaswa kutoa zamu ya raundi ya pili au ya tatu ili kumpata beki wa akiba mwenye goti bovu. Nyumbani anaonekana kero, kazini wenzake wanamkwepa, na mameneja wa klabu hawajui kama yupo. Leo nampa haki yake. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini huyu hana tembo la kuharibu. Hana chochote mkononi, na hiyo ndiyo fahari yake ya kwanza.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga aelewe kwamba NHL, ligi ya Marekani na Kanada, huwapata vijana kwa njia nyingine. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi Juni, klabu 32 huteua chipukizi kwa zamu, wengi wao wakiwa na miaka 18. Siku hizi raundi ni saba, hivyo majina ni kama 224. Klabu zilizovurunda msimu uliopita hutangulia, ingawa tangu 1995 bahati nasibu huingilia kati kule juu, ili isiwe faida kwa mtu kufungwa makusudi. Kila zamu ni mali. Klabu inaweza kuitoa ipate mchezaji, ipate zamu nyingine, au hata ili klabu jirani ikubali kuibebea mkataba mbovu. Mbishi wetu anaishi kwa zamu hizo.

Nasaba yake si ya kubeza. Uteuzi wa kwanza ulifanyika hotelini Montreal mwaka 1963, wakachukuliwa vijana 21, na umma haukuruhusiwa kuingia kutazama hadi 1980. Babu wa ukoo, hata hivyo, ni Sam Pollock, meneja mkuu wa Montreal Canadiens. Mwaka 1970 Pollock alijipatia zamu ya kwanza ya mwaka uliofuata ya klabu dhaifu ya California Golden Seals. Msimu ukaanza, na Los Angeles Kings nao wakaanza kudorora kiasi cha kutishia kuwapokonya Seals mkia. Pollock akawapelekea Kings mkongwe wake Ralph Backstrom. Kings wakapata nguvu, Seals wakabaki mkiani, na Montreal wakamteua Guy Lafleur kabla ya mtu mwingine yeyote. Akiwa nao walitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa ligi, mara tano. Wapo wanaokumbusha kwamba Backstrom mwenyewe alikuwa ameomba kuondoka. Mbishi hataki kusikia hayo. Kwake Pollock alikuwa na hesabu yote kichwani tangu mwanzo, kama ambavyo yeye mwenyewe anayo sasa hivi.

Nianze na imani yake. Mchezaji ana goti, ana mshahara, ana siku mbaya. Zamu haina hata kimoja. Haijawahi kukosa goli tupu, haijawahi kumnunia kocha, haijawahi kudai nyongeza. Kwa hiyo mbishi anapoulizwa achague kati ya mtu anayecheza na zamu ambayo aliyemo hajulikani, moyo wake huenda kwa asiyejulikana, na historia mara nyingine humlipa. Oktoba 1989 Toronto Maple Leafs waliwapa New Jersey Devils zamu yao ya kwanza ya 1991 ili wampate beki Tom Kurvers. Siku ya uteuzi ilipofika, Toronto walikuwa wameporomoka karibu na mkia, Kurvers mwenyewe alikuwa keshahamishiwa Vancouver, na New Jersey walikuwa wameketi na zamu ya tatu. Wakamchukua Scott Niedermayer, beki aliyewasaidia kutwaa kombe mara tatu. Tangu hapo, kila Toronto wakitajwa kutoa zamu, kuna mtu atakayelitamka jina la Kurvers. Madaktari wa huko wangekuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, watu wangeugua kidogo.

Pili, elimu yake. Mtu aliyefeli hesabu za sehemu shuleni atakueleza, bila karatasi, kwamba klabu inaweza kubaki na hadi nusu ya mshahara wa mchezaji inayemtoa; kwamba kwa hiyo bei yake hupanda kutoka raundi ya tatu hadi ya pili; na kwamba zamu hiyo ina sharti, ikiangukia nafasi za juu basi inasogezwa hadi mwaka unaofuata. Ukimwomba akukokotolee riba ya mkopo wake wa gari, atakuambia hana kichwa cha hesabu.

Sheria pia anaijua. Mwaka 1991 Quebec Nordiques walimteua Eric Lindros wa kwanza, naye akakataa katakata kuwachezea. Mwaka uliofuata klabu mbili, Philadelphia Flyers na New York Rangers, zikatoka kila moja ikiamini imekwisha kukubaliana na Quebec, ikabidi aitwe msuluhishi aamue. Akaamua kwa Philadelphia. Quebec wakapata Peter Forsberg, wachezaji wengine kadhaa, zamu mbili za raundi ya kwanza na dola milioni 15. Mashabiki wa Quebec walisema wamepata zaidi, na walikuwa sahihi kabisa. Mwaka 1995 klabu ikauzwa ikahamia Denver, na katika msimu wake wa kwanza huko, Forsberg akiwemo, ikatwaa kombe. Watu wa Quebec walishinda ubishi, wakapoteza klabu. Kwa mbishi wa kweli, huo ni ushindi.

Tatu, hakosei kamwe. Mpiga ramli hupewa siku chache kabla ya watu kurudi kumdai. Mbishi wa zamu hupewa miaka kumi, na ikipita bado kesi haijafungwa. Chukua dili la Septemba 2009, Boston Bruins walipompeleka Phil Kessel Toronto na kupokea zamu mbili za raundi ya kwanza na moja ya pili. Zamu ya kwanza ikamleta Tyler Seguin, na Boston wakatwaa kombe la 2011 naye akiwamo. Aliyesema Boston wameshinda akapiga kifua. Mwaka 2013 Seguin akapelekwa Dallas, aliyesema Toronto wameshinda akaanza kupumua. Zamu nyingine ikamleta Dougie Hamilton, naye mwaka 2015 akapelekwa Calgary kwa zamu tatu mpya. Moja ya hizo Boston waliitumia kumteua Zachary Senyshyn katika nafasi ya 15; nafasi ya 16 New York Islanders wakamchukua Mathew Barzal, aliyeibuka mchezaji chipukizi bora wa ligi mwaka 2018. Kessel naye? Toronto hakupata kombe, akaenda kulipata Pittsburgh mara mbili, 2016 na 2017, kisha Vegas mwaka 2023. Kwa hiyo kila aliyebishana mwaka 2009 alikuwa sahihi, kwa muda fulani, mradi ajue wakati wa kunyamaza. Bahati njema, hakuna aliyenyamaza.

Wapinzani watasema: huyo hajawahi kuvaa hata viatu vya kuteleza, anajua nini kuwashinda wataalamu? Swali zuri. Tuwatazame wataalamu.

Mwaka 1984 Los Angeles Kings, katika nafasi ya 69, walimteua Tom Glavine. Kweli alikuja kuwa nyota wa kukumbukwa, lakini wa besiboli, mchezo alioamua kuufuata badala ya hoki. Nyuma yake kwenye foleni walikuwa wamekaa Brett Hull, nafasi ya 117, ambaye baadaye alifunga magoli 741, na Luc Robitaille, nafasi ya 171, aliyefunga 668. Huyu wa pili aliteuliwa na Kings haohao, walipomkumbuka katika raundi ya tisa. Mwaka 1983 St. Louis Blues hawakuteua hata mtu mmoja, kwa sababu kampuni iliyowamiliki ilikuwa katika ugomvi na ligi juu ya kuiuza klabu, ikaacha kupeleka mjumbe. Katika uteuzi huohuo kipa Dominik Hasek alisubiri hadi nafasi ya 199, Chicago wakamchukua; kisha mwaka 1992 wakampa Buffalo, wakapokea kipa mwingine na zamu ya raundi ya nne. Hasek akaenda kutawazwa kipa bora wa ligi mara sita.

Mwaka 2000 kipa Rick DiPietro aliteuliwa wa kwanza na New York Islanders, na mwaka 2006 wakampa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 67.5. Majeraha yakamwandama, mwaka 2013 wakauvunja mkataba huo, wakaahidi kuendelea kumlipa hadi 2029. Jirani zao Rangers, katika uteuzi uleule wa mwaka 2000, walimchukua kipa wa Uswidi, Henrik Lundqvist, nafasi ya 205. Alishinda mechi 459. Kutangulia si kufika.

Wala sijamtaja Taro Tsujimoto. Mwaka 1974 uteuzi ulifanywa kwa siri, kwa njia ya simu, kwa hofu ya ligi pinzani ya WHA, na ukaenda polepole mno. Punch Imlach, meneja mkuu wa Buffalo Sabres, uvumilivu ulipomwishia, alimteua katika raundi ya 11 mshambuliaji huyo wa klabu ya Tokyo Katanas. Ligi ikaandika jina. Hapakuwa na Tsujimoto, wala hapakuwa na Katanas. Ukilinganisha na wengi walioteuliwa mwaka huo, hata hivyo, jina lake limedumu zaidi, na hakuwahi kuumia.

Kama hayo ndiyo matunda ya watu wanaolipwa, wenye wasaka vipaji waliosambazwa kutoka Saskatchewan hadi Siberia, kwa nini tumnyamazishe anayekosea bure?

Lipo shtaka moja zito zaidi, nalo silikwepi. Wanasema anawazungumzia vijana wa watu kama shehena: «tupe raundi ya tatu, tutakuongezea ya sita». Kijana wa miaka 18 amevaa suti mpya, mama yake ameketi kando anatetemeka, na kuna mtu asiyemjua anauliza kama hangekuwa na thamani zaidi akigeuzwa zamu mbili za baadaye. Kweli inaudhi. Lakini lugha hiyo hakuibuni yeye. Ameiokota mezani kwa mameneja, ambako hutumika kwa ukavu uleule na kwa madhara makubwa zaidi. Na baada ya miaka mitano, kijana wa raundi ya sita anapopanda basi ligi za chini bila mwandishi yeyote kumfuata, ni mbishi peke yake anayejua amefunga magoli mangapi. Anamfuatilia ili ashinde hoja, lakini anamfuatilia.

Halafu kuna sadaka yake kwa walioshindwa. Klabu 31 kati ya 32 humaliza kila msimu bila kombe. Bingwa ana gwaride. Wengine wana nini? Wana zamu, na wana mtu wa kuwaeleza kwamba kufungwa mfululizo mwezi Machi kumesaidia kitu. Michezo mingine humwacha shabiki wa timu mbovu na aibu yake. Huku anapewa hesabu ya kufanya hadi Juni.

Kwa hayo yote anastahili tuzo. Napendekeza NHL impe kwa sarafu yake mwenyewe: zamu ya raundi ya saba, ya mwaka wowote wa mbali, kwa sharti moja dogo, kwamba aache kubishana kwa siku moja. Najua atakataa. Ataketi, atapiga hesabu, ataturudishia jibu kwamba tunamdhulumu: kimya cha siku nzima hakipungui raundi ya tano.