Ua Lisilolika

Hapa Umoja, Nairobi, hatupandi kitu bila sababu. Roshani za ploti yetu zina sukuma wiki kwenye magunia, dhania kwenye mikebe ya rangi, na alovera inayokatwa kipande kila mtu anapoungua mkono. Mmea usioliwa, usiotibu na usiofukuza mbu sharti ujieleze. Okidi yangu, zawadi niliyopewa ofisini nilipohamishwa idara, ilipandishwa hadi ghorofa ya tano bila maelezo yoyote, na kila mlango ulifunguliwa kidogo ili wenyewe waone nimeleta nini.

Wa kwanza kuihoji alikuwa Mama, aliyekuja kunitembelea kutoka nyumbani.

"Inazaa nini?"

Haizai kitu, Mama.

"Basi majani yake ni dawa."

Si dawa. Nikaitafutia ukoo wa heshima. Nikamweleza kwamba vanila nayo ni okidi, kwamba hapo Mukono, Uganda, watu wanailima na kulipa karo, na kwamba aliyegundua njia rahisi ya kuichavusha kwa mkono, mwaka 1841, alikuwa Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo kuna ya pesa," akasema, "na wewe ukaleta hii."

Hii ni Phalaenopsis, ile ya madukani, ambayo asili yake ni misitu ya Asia iliyojaa unyevu, inakoishi imeshika matawi ya miti. Si kwamba sisi hatuna zetu. Shimba Hills kule Kwale kuna Ansellia africana, ya manjano yenye madoa ya chui, inajikalia juu ya mti bila kumdai mtu maji. Yangu haina tabia hiyo. Isitoshe, Umoja ya miaka ya 1970 ilikuwa nyumba za chini. Leo ni ghorofa zinazokaribia kusalimiana kwa mikono, na sisi wa juu kabisa tuko chini ya mabati. Februari, saa nane mchana, siagi mezani kwangu hugeuka mafuta.

Joto tungelivumilia wote wawili. Kilichotugombanisha ni maji. Ya mgao hufika siku yanapotaka, usiku wa manane, na siku zilizobaki tunatumia ya kisima. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai haihitaji kuulizwa imepikwa na maji gani. Binadamu huzoea. Okidi haizoei. Maji yakishakauka, chumvi hubaki ukingoni mwa chungu kama gamba jeupe, na ncha za mizizi zinaanza kuwa nyeusi. Inachotaka ni maji ya mvua, nayo Nairobi huyamwaga kwa wingi Aprili, wakati hakuna anayeyahitaji, kisha Januari na Februari haina habari na mtu. Kwa hiyo nikawa nainunulia maji ya chupa. Kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni alipanda siku moja na mtungi wa lita ishirini begani, akanikuta nimetoka kuoga ya chumvi, namimina ya chupa kwenye ua. Hakusema neno. Tangu siku hiyo hunisalimia taratibu, kama mtu aliyefiwa.

Ushauri wa mtandaoni ulikuwa niiwekee vipande vya barafu. Walioandika hayo hawajawahi kupotelewa na stima.

Mbaya zaidi ni kwamba kiu siyo iliyokaribia kuiua. Niliposafiri kwenda nyumbani nilimwachia jirani ufunguo pamoja na maagizo: mara moja kwa wiki, iloweke, ichuruze, iache. Jirani huyo hugombana na ploti nzima juu ya nusu mtungi. Lakini watoto wake walikuwa wamegundua jambo. Mizizi ya okidi ikiwa mikavu ina rangi ya fedha. Ukiimwagia maji inageuka kijani ukiitazama. Hiyo ikawa sinema ya bure. Walialika wenzao wa ghorofa ya pili na ya tatu, na kila kundi likataka onyesho lake. Niliporudi chungu kilinuka mtaro.

Nikakata mizizi iliyooza, nikaenda kwa muuza makaa. Okidi hutaka hewa mizizini kuliko udongo, na vipande vikubwa vya makaa vinafaa sana. Nikachagua kimoja kimoja, muuzaji akiniangalia, halafu nikarudi kuviosha kwenye beseni pale roshani ili vumbi litoke. Kuosha makaa ni jambo ambalo ploti yetu haijalisahau. Hadi leo nikishuka ngazi kuna anayeniuliza kama na moto nitauanika.

Kisha ikaja Julai na baridi yake. Wakati sisi tunatafuta masweta, Phalaenopsis ndiyo inapata inachongojea: wiki kadhaa za usiku wenye baridi, na shina la maua linachomoza. Likachomoza. Baadaye yakafunguka maua meupe, makubwa, yaliyojipanga bila dosari, na kila mgeni aliyeingia akanisifia plastiki yangu. Sebule zetu za Eastlands zina maua ya plastiki juu ya runinga tangu zamani, kwa hiyo siwezi kulaumu jicho. Fundi wa runinga alifinya ua moja akasema siku hizi Wachina wanajitahidi.

Mama fua naye ni mtu wa bidii. Kila anapokuja hukusanya maua yote ya plastiki akayatia kwenye sabuni ya unga, na Jumamosi hiyo sikuwepo. Nilirudi jioni nikaikuta okidi kwenye kamba ya nguo, imebanwa vibanio viwili kati ya shuka na soksi, mizizi inaning'inia, imesuuzwa ikatakata. Maua mawili tu ndiyo yalikuwa yamelegea. Makaa yalikuwa yameshapelekwa kwa jirani, na harufu ya maharagwe ilitosha kunieleza yako wapi. Kusema kweli, sijawahi kuiona imestarehe kiasi hicho: mizizi hewani, upepo ukipita, ilivyozoea huko kwao mitini.

Nilikuwa bado naiangalia simu ilipolia.

"Dada, ile moja yenye mizizi imenisumbua sana," mama fua akasema. "Niongezee mia."