Namna ya Kusimamisha Honda Kuukuu Bila Msaada wa Mwembe

Kama una Honda CG125 ya zamani hapa Tabora, na namna yako ya kusimama ni kurudisha gia, kuburuza kandambili zote mbili na kumwita Mungu kwa sauti, njoo tukae chini. Miembe ya mji huu tuliletewa na misafara ya pwani tupate kivuli na matunda. Iache ifanye kazi hiyo.

Najua umeambiwa breki ya mbele itakubinua, ukaufungua waya wake, levi ikabaki pambo. Urudishe. Unapofunga breki, uzito wako na wa pikipiki unahamia mbele: gurudumu la mbele linakandamizwa, la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza. Kwenye barabara ngumu, kazi kubwa ya kusimama ni ya mbele. Wapagazi wa Unyanyembe walimjua kirangozi, yule aliyetangulia na bendera. Akisimama yeye, msafara mzima umesimama.

Sasa vua gurudumu. Ndani ya ngoma utakuta viatu viwili vya breki na vumbi lote la kutoka Sikonge hadi Urambo. Usilipulize kwa mdomo! Lainingi nyingi za zamani zilikuwa na asbestosi, na vumbi lake linaua mapafu. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Lainingi ikiwa inang'aa kama kioo, msasa utakusaidia kidogo. Viatu vipya vitakusaidia zaidi.

Lakini hata viatu vipya havigusi ngoma kote. Paka chaki ndani ya ngoma, rudisha kila kitu, zungusha gurudumu huku umeminya breki kidogo, kisha fungua utazame. Palipopakaa chaki ndipo panaposhika, na mara nyingi ni kipande cha upana wa kidole. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza, azipunguze lainingi zifuate mviringo wa ngoma. Kamu, ile inayovisukuma viatu, ipake grisi kiasi cha wanja. Grisi ikifika kwenye lainingi, umeanza upya.

Wakati wa kurudisha gurudumu, acha nati ya ekseli ikiwa legevu. Mwambie mtu aminye levi kwa nguvu asiiachie, nawe ukaze nati hapo hapo. Viatu vitajiweka katikati ya ngoma vyenyewe. Ni kazi ya dakika moja, haina gharama, na mafundi wengi wanairuka, mimi siwasamehe. Mwisho weka waya mpya, na upange ule mkono wa kamu ufanye pembe mraba na waya pale breki inaposhika. Ukipita hapo, nguvu ya vidole vyako inapotea njiani.

Unataka diski, naelewa. Tangu Honda ilipotoa CB750 yenye diski mbele mwaka 1969, kila mwenye ngoma anajiona amepunjwa. Basi tafuta mbele nzima ya pikipiki moja: shokapu, hab, diski, kalipa, paipu na masta silinda yake. Masta isiyolingana na kalipa itakupa levi ngumu kama ubao, au levi inayolala hadi kwenye mshikio. Pima na beringi za shingo kabla hujalipa. Kuchomelea kalipa kwenye shokapu za zamani ni mwiko: siku ile chuma kitakapokatika, kalipa itaingia kwenye spoku ukiwa mwendoni. Kwa vumbi letu, mimi nachagua ngoma iliyotengenezwa vizuri, maana imefunikwa.

Ijaribu asubuhi, njia ya Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Kwenye sehemu ngumu funga mara kumi, ukianza na mwendo mdogo, ukiminya taratibu kama unayekamua embe bivu. Ukiingia kwenye mchanga, achia ya mbele, tumia ya nyuma.

Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika kama mita 770. Mwenye safari ya kushuka hadi Ujiji, pale ziwani, vua gurudumu hilo leo.