Kopo Lililobonyea

Kila anayetengeneza pleya ya video hufika siku akatamani kujua hali ya watazamaji wake: video inakwama mara ngapi, picha inachelewa kiasi gani kutokea. Kukusanya vipimo hivyo, yaani telemetria, huonekana kazi ya jioni moja na chupa ya chai. Jina la kitu kinachoandikwa jioni hiyo lingetosha kuwa onyo: kodi. Kama ile ya nyumba, italipwa kila mwezi.

Chukua ishara moja tu. Video ikikosa data ya kuendelea, kivinjari hutoa ishara iitwayo waiting, na kodi ya nyumbani huandika haraka: mtandao umekwama. Kumbe ishara hiyohiyo hutoka pia mtazamaji anapovuta video mbele ili aone bao. Shabiki mwenye haraka zake anahesabiwa miongoni mwa majeruhi wa mtandao, na Jumatatu kikao kinaitwa kumtafuta mchawi. Ishara ya timeupdate, inayoarifu video imefika wapi, nayo huweza kuja mara 4 kwa sekunde au ikakaribia 66, kutegemea mzigo wa mashine. Anayepima muda wa kutazama kwa kuhesabu ishara hizo anauza mchele kwa kopo linalotanuka na kusinyaa. Na saa ya simu ikirudishwa nyuma katikati ya filamu, rekodi itaonyesha mtu aliyemaliza kabla hajaanza.

Laibrari iliyozoeleka ya kukusanya vipimo hivi haikuzidi akili; imeumizwa mara nyingi zaidi, basi. Tena inazungumza lugha ya wenzake. Mwaka 2020 chama cha CTA cha Marekani kilichapisha CMCD, utaratibu wa pleya kuipa seva vipimo kwa majina yaleyale: bl ni akiba iliyobaki kwenye bafa, bs ni taarifa kwamba bafa imekauka. Pleya za hls.js, dash.js na Shaka Player zinaujua. Hapo pishi ni vibaba 4 kwa kila muuzaji. Utasema laibrari ni nzito. Kweli, lakini uzito wake unapimika, wa makosa yako haupimiki. Utasema una mahitaji ya pekee. CMCD inaruhusu kuongeza majina yako. Pingamizi zito ni moja: siku ya kuhama kutoka kodi yako kwenda laibrari, grafu itaruka na ripoti za zamani hazitalingana na mpya. Basi endesha kodi yako na laibrari sambamba kwa wiki chache, uone tofauti inatoka wapi. Ila jiandae, kwani wa kwanza kushutumiwa wizi sokoni huwa ni mwenye kopo lisilobonyea.