Usiku Baba Hamisi Alipodhaniwa Chuma

Steringi hafi. Sheria hiyo ya sinema ilivunjwa sebuleni kwetu Jumamosi moja, mdogo wangu Idi alipotuletea kwenye flashi Terminator 2: Judgment Day, ya mwaka 1991. Ya kwanza, ya 1984, hakuileta. Alidai ya pili inajitosheleza.

Haikujitosheleza. Arnold Schwarzenegger alipotokea tu, mwanangu Hamisi, wa darasa la tatu, alipiga makofi. Bibi yake, aliyeiona ya kwanza enzi za deki ya jirani kule Ngamiani, akaruka: "Huyo ndiye muuaji!" Idi akasimamisha picha aeleze. Mashine za siku za usoni zilimtuma yule jitu amuue Sarah Connor kabla hajamzaa John, kiongozi wa watakaozipinga. Safari hii John amezaliwa, na watu wamemtuma jitu wa sura ileile aje amlinde.

"Fisi hapewi bucha alinde," bibi akakata shauri. Na aliposikia kwamba maangamizi ya dunia yalipangiwa tarehe 29 Agosti 1997, akaguna. Mwaka huo yeye anaukumbuka kwa mvua za El Nino, mashine hakuiona hata moja. Hata hivyo, mwishoni jitu alipoomba ateremshwe kwenye chuma kinachochemka, ili kifaa kilichomo kichwani mwake kisije kuzaa mashine nyingine, aliyelia kuliko wote alikuwa bibi.

Hamisi hakulia. Yeye, kimawazo, alikuwa amebaki kwenye onyesho moja la jikoni.

Adui wa sehemu hii ni T-1000, aliyechezwa na Robert Patrick: chuma cha majimaji kinachovaa sura ya mtu kikishamgusa, na muda mwingi kinatembea na sare ya polisi. Mwongozaji James Cameron aliweka malori yanayokimbizana na majengo yanayolipuka, lakini kilichomnasa mwanangu ni simu. John anapiga nyumbani, mama mlezi anamjibu kwa upole usio wa kawaida. Mlinzi anamuuliza John jina la mbwa, anaambiwa Max. Anachukua simu, anaiga sauti ya kijana, anauliza Wolfie ana nini. Mama anasema Wolfie hajambo. Yamekwisha: huyo si mama, na mkono wake umegeuka upanga uliopita kwenye paketi ya maziwa hadi mdomoni mwa baba mlezi.

Jumapili asubuhi Hamisi alisukuma kando kikombe cha maziwa na kuanza usaili.

"Bibi, Kibonge amekula?"

"Amekula, mjukuu wangu, tena ameshiba."

Paka wetu anaitwa Chausiku. Bibi akaandikwa kwenye daftari la hesabu, safu ya mashine. Muuza samaki naye akaandikwa. Dada Zuhura akafaulu, kwa kuwa ndiye anayemfukuza Chausiku jikoni kila siku kwa jina lake kamili.

Jumatatu saa tatu usiku mvua ilikuwa inamwagika. Mimi nilikuwa naoga. Baba Hamisi akagonga geti.

"Nani?"

"Baba yako, fungua!"

"Paka wetu anaitwa nani?"

Kimya. Tangu paka huyo aingie nyumbani, mume wangu hajapata kumwita zaidi ya "hili lipaka". Akajaribu: "Nyau?" Ndani Hamisi akapiga ukelele, "Mashine!" Kwa kuwa kwenye sinema T-1000 iligandishwa kwa baridi kali, akachota ndoo ya maji ya friji, akapanda kwenye kigoda na kuyamwaga juu ya geti. Mzee akaita majirani. Akaja mgambo na tochi, amevaa sare. Hapo Hamisi akawa na hakika kwamba wamekuwa wawili.

Nilitoka na khanga moja nikafungua mwenyewe.

Baadaye nilimweleza mtoto kwamba wale watu wawili wa sura moja kwenye sinema hawakuwa mazingaombwe. Mlinzi wa hospitali anayekutana na sura yake mwenyewe alichezwa na ndugu pacha, Don na Dan Stanton. Linda Hamilton, aliyecheza Sarah, naye alikuwa na pacha wake, Leslie, aliyetumika palipohitajika Sarah wawili. Hamisi akafikiri sana, akamtazama baba yake anayetetemeka ndani ya taulo: "Basi labda baba naye ana pacha."

Huko Marekani sinema hii ilipewa daraja la R: aliye chini ya miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kwetu inafika kwa flashi, na flashi haina mlinzi wa mlangoni. Mzazi mwenzangu, itazame kwanza peke yako, uanze na ile ya 1984. Ukiamua kuwaonyesha watoto, hakikisha kila anayelala nyumbani humo, baba akiwa wa kwanza, analijua jina la paka.