Rubani wa Sebuleni

Anayefungua gemu la B-17 Flying Fortress: The Mighty 8th, lililotoka mwaka 2000, akidhani kazi yake ni kufyatua risasi, atasinzia kabla hajaiacha pwani ya Uingereza. Binamu yangu alikoroma kabisa. Ndege ile ya mabomu ina injini nne, watu kumi, na mwendo wa mtu anayekwenda kulipa deni. Inajikokota kupanda hadi kama futi 25,000, na njia nzima hiyo huoni Mjerumani hata wa dawa. Mke wangu akipita na sinia huuliza, "Baba Zuhura, bado hamjafika tu?" Unaweza kurusha muda mbele. Wenye ndoa, fanyeni hivyo.

Pili, usigawe bunduki ovyo. Gemu linakuruhusu kuhama kiti hadi kiti, kutoka kwa rubani hadi mkiani, na kila mgeni wa sebuleni anataka kufyatua. Mpwa wangu alipopewa bunduki ya juu, akaitwanga ndege ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa Mustang, yetu, imekuja kutulinda. "Mjomba, si imekuja kwa kasi!" akajitetea. Simlaumu sana. Kwa mbali Mustang na Messerschmitt 109 zinafanana, na hata wapiga bunduki wa Vita Kuu ya Pili yenyewe walizichanganya. Lakini kumpiga msindikizaji ni dhambi: tarehe 14 Oktoba 1943, Mustang zikiwa bado hazijaanza kazi hiyo, B-17 sitini hazikurudi kutoka viwanda vya beringi vya Schweinfurt, maana ndege za kuzisindikiza hazikuwa na mafuta ya kufika huko.

Shabaha ikikaribia, achia usukani. Hapo ndipo watu wazima hushindwa. Mizinga ya ardhini inapasua moshi mweusi kila upande na mikono inawasha kukwepa, ilhali kifaa cha kulengea cha Norden kinataka ndege inyooke, kimo kilekile, mwendo uleule. Kwa dakika hizo mlenga mabomu ndiye mwenye ndege. Ukikwepa, unabomoa kabichi za wakulima. Sisi tulikuwa tumenyooka vizuri kabisa, milango ya mabomu wazi, shemeji akachomeka pasi. LUKU ikaisha.

Kwa hiyo kabla ya kuruka, nunua umeme.

Injini ikifa, geuza mapanga ya pangaboi lake yakate upepo kwa makali yake, la sivyo litakuvuta nyuma uachwe na kundi, na anayebaki peke yake ndiye kitoweo. Watazame na watu wako: aliyekatikiwa oksijeni kule juu huzimia ndani ya dakika chache.

Kama yote haya yanakuchosha, gemu hilohilo lina ndege ndogo za kivita. Panda Mustang ukapige risasi zako. Ila ukitukuta tunajikokota, usitujie ubavuni kwa kasi. Mpwa wangu bado ameng'ang'ania bunduki ya juu.