Nzi na Nazi: Mambo Sita ya Mafuta na Uzee, Tukihesabu Kushuka

6. Kwanza tumjue mhusika
Si yule mharibifu wa maembe. Yule ana kesi yake na wakulima. Wetu ni huyu wa milimita tatu, macho mekundu, anayezengea ndizi zilizoiva kupita kiasi na kibuyu cha mnazi. *Drosophila melanogaster*, Mwafrika kwa asili. Thomas Hunt Morgan alimfuga kwenye chupa za maziwa kule New York, na mwaka 1933 akapewa Tuzo ya Nobel. Nzi akabaki na ndizi yake.

5. Anazeeka mbiombio
Kwenye maabara yenye joto la nyuzi 25, yai huwa nzi kamili kwa siku kumi hivi, na maisha yote ni miezi miwili au mitatu. Gonga chupa uone: kijana hupanda ukutani kama anawahi gari la mwisho. Mzee hujikongoja, akaanguka, akajaribu tena. Mwangalie vizuri huyo mzee, utamkumbuka babu yako kwenye ngazi.

4. Haya, watu wa Pwani, tuzungumzie nazi
Msifiche mbuzi zenu bado! Mwaka 2010 timu ya Rolf Bodmer huko California iliwapa nzi chakula kilichotiwa mafuta ya nazi, hadi asilimia 30. Hakuna mpishi wa Tanga anayethubutu kiasi hicho. Nzi wakanenepa. Moyo wao, kijibomba chembamba kinachopita mgongoni, ukajaa mafuta, ukasukuma kwa unyonge na kupoteza mapigo yake. Wahenga walisema nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Hawa walikuwa wanaumwa juu ya tui.

Ila sikiliza. Mwilini kuna mfumo uitwao TOR, unaopiga mbiu kwamba chakula kipo, jengeni, wekeni akiba. Watafiti walipoupunguza nguvu, moyo ulisalimika ingawa nzi walikula mafuta yale yale. Kumbe madhara yana mlango yanapopitia, na mlango huo unafungika. Mimi habari hii hainichoshi kuisimulia.

3. Wahesabu kalori, poleni
Mwaka 2005, London, William Mair, Matthew Piper na Linda Partridge walipunguza hamira, ambayo ndiyo protini ya nzi, kwenye chakula chao, kisha wakapunguza sukari kwa kiwango hicho hicho cha kalori. Kupunguza hamira kulirefusha maisha zaidi sana. Kalori sawa, maziko tarehe tofauti.

2. Mafuta ni kama pesa ya kikoba
Yana faida yakizunguka. Mwaka 2012 watafiti wa Taasisi ya Buck, California, waliona kwamba nzi wanaopewa hamira kidogo hutengeneza mafuta kwa wingi na kuyachoma kwa wingi. Utengenezaji ulipozuiwa kwenye misuli, ile nyongeza ya umri ikapungua. Kwa hiyo anayemwita kila nzi mnene mgonjwa amekosea.

1. Kolesteroli, ndiyo, hiyo hiyo!
Nzi hawezi kujitengenezea kolesteroli, lazima aile. Jike akishiba protini hutaga mayai mengi, na kila yai huondoka na kolesteroli ya mama. Anajimega kipande kwa kipande mpaka anakwisha. Mwaka 2021 Piper, safari hii akiwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, na wenzake waliongeza kolesteroli kwenye chakula. Majike walioshiba wakaishi muda mrefu, hata ile faida ya kunyimwa chakula ikatoweka. Miaka mingi tulidhani mama huyu anauawa na shibe, kumbe alikuwa anapungukiwa.

Sasa wewe msomaji, nakuomba, usikimbilie kukaanga mayai sita kwa ushahidi wa mdudu. Ini lako hutengeneza kolesteroli kila siku. Nzi hana ini.