Sifa za Doa la Ndafu

Ndugu wajumbe, naomba tulipe heshima doa la mafuta lililotamalaki kwenye kiti cha nyuma cha gari langu, ngozi ya rangi ya maziwa, upande wa abiria wa heshima.

Nasaba yake ni njema. Kiwandani ngozi hulishwa mafuta ili ilainike isikakamae. Kwa hiyo mafuta yakiingia kwenye ngozi si wavamizi, ni ndugu waliorudi kwao bila kupiga hodi. Adabu yake haina dosari: halipigi honi, halibadilishi redio. Harufu yake huwapa abiria njaa, nayo njaa ni afya.

Ila sifa kuu ya doa hili ni utunzaji wa kumbukumbu. Linajua lilikotoka: ndafu wa harusi, mbuzi mzima aliyebanikwa, akaviringishwa kwenye foili na kulazwa kiti cha nyuma kwa uangalifu ambao bibi harusi hakuupata. Foili ikatoboka pajani. Mafuta ya mbuzi huganda upesi yakipoa, hivyo mwanzoni doa liliandika rasimu tu, juu juu. Kisha gari likaegeshwa nje ya ukumbi, juani, Dar es Salaam, saa tisa alasiri. Mafuta yakayeyuka, rasimu ikapitishwa: yakapenya kwenye mishono na vitundu, ambako rangi ya juu ya ngozi haizuii kitu, yakafika kwenye sponji. Hadi leo ukiinama unasoma ubavu ulilala wapi na paja lilielekea wapi.

Linyunyizie poda ya mtoto ulilaze nayo usiku kucha. Litapungua kwa staha. Lipitishie kitambaa chenye povu jepesi la sabuni, bila kusugua, litatulia. Lakini joto likizidi, yaliyobaki chini yanapanda, na doa linafungua kikao upya kwa ajenda moja: yatokanayo na kikao kilichopita. Shemeji yangu alilijia na petroli. Rangi ya kiti ikaondoka. Doa likabaki, sasa likiwa na fremu.

Sasa nielezeni, jamani! Kamati ya harusi ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa usafiri, mtu wa chakula, hata mtu wa mapambo na msaidizi wake. Ahadi yangu ya mchango ilipochelewa, simu ililia asubuhi na jioni: “Tunakukumbusha ahadi yako, Mungu akubariki.” Shilingi hawakuisahau hata moja. Lakini nani alimpakia mbuzi kwenye gari langu? Mwenyekiti anasema muulize wa usafiri. Wa usafiri anasema ndafu ni chakula. Wa chakula anasema kilichoko barabarani ni usafiri. Mweka hazina anasema hakuna fungu.

Nikasema nitapeleka malalamiko kwenye kikao. Kikao kipi? Kamati ilikwisha kuvunjwa, na sote tunajua kamati zetu huvunjwaje: kwa kula. Watu waliotuandama kwa kadi za michango miezi kadhaa hukaa wenyewe kwa wenyewe, hutafuna bakaa ya michango kwa nyama choma na vinywaji, na hesabu, zikisomwa, husomwa wakati kila mtu ameshashiba na anapiga makofi. Kesho yake hakuna mwenyekiti, hakuna katibu, hakuna wa kudaiwa. Mjumbe pekee ambaye hajavunjwa ni doa.

Kamati nyingine imeshaniomba gari, eti viti vya ngozi vinapendeza kwenye picha. Sawa, walichukue. Ila kadi zao zina kima cha mtu mmoja na kima cha wawili. Waongeze na kima cha mbuzi aliyepanda gari la watu. Wakichelewa kulipa nitawatumia ujumbe asubuhi na jioni, Mungu awabariki.